Wifi Anatakiwa Kwingine

Habari yenyewe Mama Baridi aliipata mezani, Jumapili mchana, bakuli la mchuzi likiwa mkononi, tena mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Mimi nimefurahi mno," alisema mama mkwe wake, akijisogezea sahani. "Binti yangu ameitwa na kampuni kubwa ya majokofu. Mhandisi! Mshahara mara tatu, na gari la kumpeleka na kumrudisha. Sijui kwa nini nyinyi hamshangilii."

Hawakushangilia kwa sababu hakuna aliyekuwa na habari. Mumewe Mama Baridi, mwalimu wa hesabu, aliacha kutafuna. Wifi mwenyewe, binti wa miaka ishirini na saba mwenye vidole vilivyojaa alama za kuungua, aliinamia sahani yake kama mtu aliyedondosha kitu ndani.

"Mama, si nilikuomba usiseme?"

"Uliniomba nisiwaambie majirani. Hawa ni majirani?"

Mama Baridi aliweka bakuli chini taratibu, asije akalimwaga. "Hongera, wifi yangu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Unaanza lini?"

"Sijawajibu. Wanataka jibu Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."

Ijumaa! Mama Baridi alihisi damu inampanda kichwani. Kwa sababu Alhamisi, siku moja kabla, ndiyo siku aliyoisubiri kwa miaka mitatu.

Jina la Mama Baridi alipewa na wauza maziwa, na halikuhusu tabia yake hata kidogo, maana tabia yake ilikuwa moto wa kuotea mbali. Aliacha kazi nzuri ya benki akaanzisha kampuni ya watu sita, ndani ya jengo lililokuwa zamani la kuoka mikate. Walitengeneza masanduku ya kuhifadhi ubaridi, yanayofungwa nyuma ya baiskeli, kwa ajili ya wauza maziwa wasio na friji. Chini ya sanduku ilikaa betri, na ndani kipimajoto kilichomtumia mwenye sanduku ujumbe kwenye simu maziwa yakianza kupata joto. Wazo lilikuwa la Mama Baridi. Lakini aliyelishika wazo hilo akaligeuza kuwa sanduku la kweli, lenye mfuniko unaofunga na bawaba zisizolia, alikuwa dada wa mumewe. Kwa vile Mama Baridi alimwita wifi, karakana nzima ikamwita Wifi. Mgeni akiingia na kuuliza nywila ya wifi, alijibiwa kwamba Wifi hana nywila, ana hasira tu.

Na Alhamisi viongozi wa ushirika wa wauza maziwa walikuwa wanakuja kuyajaribu masanduku. Wakiridhika, wangeagiza mia mbili. Tangu kampuni ianze, walikuwa wameuza sitini na moja.

Mama Baridi alikula chakula chake chote siku hiyo bila kujua alichokula.


Jumatatu asubuhi alifika karakana na keki.

Mwaka uliopita alihudhuria semina ya siku mbili ya wenye kampuni changa, na daftari la semina hiyo alilihifadhi kama hati ya nyumba. Usiku wa Jumapili alilifungua akakuta sentensi aliyoipigia mstari mara mbili: Mfanyakazi wako bora mfanye ajione mmiliki. Chini yake mwendesha semina alikuwa ametaja fulana, vyeo, na kusherehekea pamoja. Basi Mama Baridi aliamka alfajiri, akamwamsha mchapishaji wa fulana, akamwamsha na mwoka keki, na kufikia saa tatu kila kitu kilikuwa juu ya meza ya kukatia mabati.

"Bosi, leo kuna nini?" aliuliza mchomeleaji wao, aliyeitwa Cheche, akiivaa fulana iliyoishia kitovuni. Kifuani iliandikwa SISI NI FAMILIA.

"Tunampongeza mwenzetu." Mama Baridi alifungua bahasha akatoa karatasi nene yenye pambo la dhahabu pembeni. "Kuanzia leo, Wifi ni Mkuu wa Ubunifu wa kampuni hii. Makofi!"

Makofi yalipigwa, mengine kwa mkono mmoja juu ya paja, kwa kuwa mkono wa pili ulishika keki. Wifi alijifuta mafuta mikononi, akaipokea karatasi, akaisoma yote mpaka sahihi.

"Asante," alisema. "Nitakuwa nawaongoza akina nani?"

Mama Baridi hakuwa amefika huko. "Kwa sasa... wewe mwenyewe."

Cheche alicheka keki ikamwendea njia ya pua, akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Wengine wakaangalia chini. Mama Baridi naye alicheka, kicheko cha kujiokoa, huku masikio yakimwaka.

"Keki ni tamu, wifi," Wifi alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Na fulana nitavaa. Tena sisi ni familia kweli, si ya kwenye fulana. Hilo ndilo tatizo." Akarudi kwenye msumeno wake.


Jumanne jioni, kabla hata hajavua viatu, Mama Baridi alimwendea mumewe sebuleni, alikokuwa anasahihisha madaftari.

"Zungumza na dada yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri hata miezi sita. Mwambie anaiua kampuni. Wewe ni kaka yake, atakusikiliza."

Mwalimu aliweka kalamu nyekundu chini. "Mke wangu, mwaka jana alipoomba nyongeza ya mshahara uliniambia nizungumze naye, nikazungumza. Alipochelewa siku tatu uliniambia nizungumze naye, nikazungumza. Siku hizi akiniona tu anauliza, 'Umetumwa?' Sitaki tena kutumwa."

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi la pembeni, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Mwanangu," alimwita Mama Baridi, "nikuulize kitu. Kwenye ile posa yako, alikuja kuposa nani?"

"Mwanao, mama."

"Na huyu binti yangu, wewe ulimposa lini?"

Mama Baridi alijikalisha kwenye ukingo wa kochi, mkoba begani, kama mgeni aliyekuja kudai.

"Simfukuzi kwako," mama mkwe aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nafurahi mkiwa pamoja. Lakini anarudi nyumbani na michoro yake anaitandaza kitandani kwangu. Mimi sijui hata kushika rula! Ananieleza mimi. Nikamuuliza kwa nini hamwelezi mwenye kampuni. Akasema alishampa karatasi."

"Karatasi gani?"

Mwalimu alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulikuwa na huruma. "Ile ya sanduku lisilo na betri. Mwezi wa nane sasa. Ulimwambia utaiangalia mwezi unaofuata."


Jumatano aliwahi karakana kabla ya watu, akaiona karatasi kwenye saraka ya tatu ya meza yake, chini ya kalenda za zawadi na risiti za rangi. Zilikuwa karatasi nne zilizobanwa pamoja. Alizisoma amesimama. Halafu akakaa, akazisoma upya.

Wifi alikuwa ameondoa betri yote. Badala yake, kwenye kuta za sanduku aliweka mifuko bapa ya kimiminika kinachoganda mapema kuliko maji. Mifuko hiyo ingegandishwa usiku kwenye friji moja kubwa ya ushirika, asubuhi ingechomekwa kwenye masanduku, na kutwa nzima ingekuwa inayeyuka polepole na kuyashikilia maziwa kwenye ubaridi uleule. Uzito wa sanduku ungepungua kwa kilo tisa na bei yake ingeshuka karibu nusu. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: Wifi, betri ndiyo inayotukwamisha. Tafadhali usikasirike.

Mama Baridi alijua kwa nini hakuisoma. Betri ilikuwa wazo lake. Ndiyo aliyoisimulia kwenye semina, ndiyo iliyochorwa kwenye vipeperushi. Alipoona maneno "bila betri" siku ile, alikunja karatasi kabla roho haijamuuma zaidi.

Alimkuta Wifi, naye amewahi, nyuma ya karakana penye makopo ya rangi.

"Nimeisoma," alisema.

Wifi alikaza mfuniko wa kopo la rangi.

"Ningeisoma mapema. Sikutaka. Niliona kama unanivua nguo. Ingefaa tuitengeneze moja tuone."

Wifi akasogeza makopo mawili na kuvuta turubai. Chini yake palikuwa na sanduku jeupe, jembamba, lisilo na waya hata mmoja.

"Umetengeneza?" Sauti ya Mama Baridi ilipanda. "Humu ndani? Kwa mabati ya nani?"

"Mabati nilinunua kwa mshahara wangu. Cheche alichomelea wakati wa chakula cha mchana. Kama unataka kugomba, gomba, lakini fungua kwanza."

Mama Baridi alifungua. Ubaridi ulimpanda mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani palikuwa na dumu la maziwa, na kipimajoto kilisoma nyuzi nne na nusu.

"Umeweka saa ngapi?"

"Jana, saa nne asubuhi."

"Jana?" Alikiangalia kipimajoto, akamwangalia Wifi, akakirudia. "Jana! Tangu jana!" Na mwanamke huyo wa miaka thelathini na nane, mkurugenzi mwenye mihuri yake, akaanza kuruka papo hapo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wifi alijaribu kukunja uso asicheke, ikashindikana.

"Kesho tunawaonyesha hili," Mama Baridi alisema, akihema. "Tunaweka manne ya betri na hili la tano. Lakini wifi, sema ukweli. Unaondoka kwa ajili ya hela?"

"Hela naitaka, nisikudanganye." Wifi alikaa juu ya kopo la rangi. "Lakini kule waliniuliza swali moja: ukipewa chumba na vifaa, utatengeneza nini? Nikaongea saa nzima, wakaandika. Hapa nikitoa wazo, unaniambia 'sawa wifi, tutaona.' Nikikasirika, anatumwa kaka. Nikiomba haki yangu, mama anasikia nina tamaa. Wewe unasema nijione mmiliki. Najionaje, wakati si mmiliki?"

Nje watu walianza kufika, Cheche akipiga mluzi. Mama Baridi alitaka kuahidi kila kitu saa ileile. Lakini alikuwa ameshaahidi sana huko nyuma, na safari hii alijizuia.

"Kesho utaeleza wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nitabeba viti."


Viongozi wa ushirika walikuja watano. Mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye kofia ya majani, aliyewahi kuuza maziwa kwa baiskeli miaka kumi na minne, na hakutaka kuketi kwenye kiti alichobebewa.

"Soda baadaye," alisema. "Masanduku yatoeni juani."

Yakatolewa juani, yote matano, saa nne kamili, kila moja na dumu lake.

"Mfuniko ufunguliwe kila nusu saa. Mteja akiita unafungua, hata kama ananunua kikombe kimoja."

Ukafunguliwa kila nusu saa. Wafanyakazi walisimama kivulini wakijifanya wana shughuli, na hakuna aliyeshika chombo. Saa sita, yote yalikuwa salama. Saa saba, simu ya Mama Baridi ikalia: sanduku la pili lilikuwa limefika nyuzi saba. Saa nane likafika tisa, na la nne likaanza kulifuata. Mwenyekiti alikuwa anazunguka tu, mikono nyuma, akiandika kwenye kijitabu bila kusema neno. Fulana ya Mama Baridi ilimganda mgongoni.

"Na hili jembamba?" mwenyekiti aliuliza, akainama juu ya sanduku la tano. "Nne na nusu. Kipimajoto hiki kimekufa?"

"Weka mkono, mama," alisema Wifi.

Mwenyekiti akaweka mkono, akautoa haraka, akaurudisha tena. Alijaribu kulinyanyua sanduku kwa mkono mmoja, na likanyanyuka. "Jamani!" Akawaita wenzake. "Njooni mshike! Betri yake iko wapi? Waya uko wapi?" Wakawa wote watano wameingiza mikono kama watu wanaonawa pamoja. Akamgeukia Mama Baridi. "Umelitengenezaje?"

Wote walimtazama. Jibu alikuwa nalo, alikuwa amezikariri karatasi zile nne. Ingekuwa rahisi sana.

"Sikulitengeneza mimi," alisema. "Mimi nililiweka kwenye saraka miezi minane. Aliyelitengeneza ni huyu."

Wifi alieleza. Mwanzoni alieleza akiitazama mikono yake, halafu akaanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi, halafu akasahau kabisa kwamba ana aibu. Alieleza kimiminika, friji ya ushirika, mifuko ya akiba, hata namna ya kulifunga sanduku kwenye baiskeli isiyo na keria ya nyuma. Mwenyekiti aliuliza maswali kumi na moja na akajibiwa yote. Cheche, kule kivulini, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayetazama mpira dakika za mwisho.

"Nimelipenda," mwenyekiti alisema hatimaye. "Lakini nimesikia kitu sokoni. Wewe binti, mwakani utakuwa hapa? Mimi siwezi kuwanunulia watu mia mbili sanduku ambalo fundi wake ana mguu mmoja nje."

Mama Baridi alitamani amfinye Wifi, aseme ndiyo, aseme tu! Angesema ndiyo, biashara ingefungwa hapo hapo. Aliikunja mikono yake kifuani ili isifanye kitu.

"Niulize kesho, mama," Wifi alisema. "Sitaki kukudanganya leo."

Mwenyekiti akafunga kijitabu. Wakaondoka bila kunywa soda.


Ijumaa saa tatu asubuhi, Mama Baridi alimwita Wifi ofisini, akafunga mlango, akampa kalamu kabla ya kumpa karatasi.

"Hii nimeiandika mwenyewe. Sikumtuma kaka yako, sikumwambia mama. Hisa thelathini katika mia za kampuni, kwa jina lako. Mshahara siwezi kuufikisha kule, nimeongeza ninachoweza. Kama haitoshi, kata."

Wifi alisoma. Akakata thelathini akaandika arobaini na tano.

"Arobaini na tano!" Mama Baridi alishika meza. "Wifi, nani aliacha benki? Thelathini na tano."

"Nani alitoa betri? Arobaini."

"Thelathini na nane, na ninakuongezea friji ya majaribio."

"Arobaini, na friji nataka."

Wakakodoleana macho. Mama Baridi alishangaa kuona kwamba moyo unamdunda kwa raha, kama siku aliyofungua milango ya jengo hili kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu alikuwa anapigana peke yake na kila kitu. Sasa mbele yake alikuwa na mtu wa kupigana naye.

"Arobaini," alisema.

"Na karakana ni ya kwangu. Ukitaka kubadilisha kitu, unagonga mlango."

"Nitagonga."

"Nimalize miaka mitatu, nikitaka kuondoka naondoka. Hakuna kikao cha ukoo. Hakuna kuulizwa nani kanilea."

Hilo lilichukua muda zaidi. Mama Baridi alitazama dirishani, ambako Cheche alikuwa anazunguka na ufagio mahali palipokwisha fagiliwa mara mbili. Kisha akasema, "Miaka mitatu. Na siku ukiondoka nitalia, hilo huwezi kuniandikia nisifanye."

"Lia tu, lakini nje ya karakana."

Wakatia sahihi wote wawili. Wifi akatoa simu, akaipigia kampuni ya majokofu, akaiweka mezani sauti ikisikika. Akaeleza kwa adabu kwamba anashukuru, amepata sababu ya kubaki.

"Subiri kwanza," ilisema sauti ya mwanamume, iliyozoea kupata. "Tunaweza kuongeza." Akataja kiasi.

Mama Baridi alikisikia vizuri. Kilikuwa kikubwa kuliko mishahara ya karakana nzima, wa kwake ukiwemo. Wifi aliufunika mdomo kwa mkono, na macho yake yakaenda mbali, kwenye nyumba ya kumpangia mama yake, kwenye mambo ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyajua. Mama Baridi hakuomba wala hakukohoa. Aliiangalia karatasi yenye sahihi mbili na kujiambia kwamba akiichana, atamwacha aichane.

"Hicho chumba chenye vifaa," Wifi aliuliza kwenye simu, "nikitengeneza kitu humo, kinakuwa cha nani?"

"Cha kampuni, bila shaka."

"Basi hapana. Asante sana, mzee."

Akakata. Mama Baridi aliishika mikono yake yote miwili. Kisha Wifi akajinasua, akapiga namba ya pili.

"Mwenyekiti, shikamoo. Ni mimi, fundi wa jana. Uliniambia nikujibu leo. Nipo. Tena sasa nami ni mmiliki wa kampuni."

Kelele iliyotoka kwenye simu ilisikika mpaka uani. Mwenyekiti alitaka masanduku mia mbili, na aliyataka ndani ya miezi mitatu, kabla mvua hazijaharibu njia.

Cheche aliufungua mlango bila kubisha, ufagio bado mkononi. "Bosi, imekuwaje?"

"Waulize mabosi," alisema Mama Baridi, na karakana nzima ikalipuka kwa vigelegele, hata wasiojua kupiga vigelegele wakapiga.

Wifi peke yake hakushangilia kwa muda mrefu. Alikuwa tayari mbele ya rundo la mabati, futi ya chuma kiunoni, akihesabu kwa midomo. Masanduku mia mbili, siku tisini, watu sita.

"Hatutoshi," alisema. "Nahitaji wachomeleaji wawili wengine wiki ijayo. Na leo nahitaji kila mwenye mikono." Akamtazama mkurugenzi, aliyesimama mlangoni na viatu vyake virefu vya ofisini, machozi hayajamkauka. Akavuta ncha ya futi akamnyooshea.

"Shika upande huo, wifi. Na usiachie mpaka nikuambie."

Mama Baridi akavivua viatu, akaviweka kando ya mlango, akaja akashika.